Likizo ya Juni kwa mkazi wa Dodoma: kuizunguka nchi au kuchagua upande mmoja?

MLETA HOJA

Ndugu zangu, shule zinakaribia kufungwa, na lile swali la kila mwaka limerudi maofisini na vibarazani hapa Dodoma: familia yenye mshahara wa kawaida na siku kumi za likizo ipange vipi safari ndani ya nchi hii? Wapo wanaosema kwamba kisingizio kimekwisha, kwa kuwa treni ya SGR inafika Dodoma tangu Julai 2024, barabara ya kwenda Babati ni lami mpaka mwisho, na raia hulipa kiingilio cha shilingi elfu chache katika hifadhi ambazo mgeni huzilipia makumi ya dola. Kwa hiyo, wanasema, watu waanzie Zanzibar, wapande Ngorongoro, wamalizie Serengeti, na watoto watakuwa wameiona nchi yao. Mimi napinga mpango huo, na napinga zaidi imani inayoubeba, kwamba kiingilio kikishakuwa nafuu basi utalii wa ndani umeshakuwa rahisi.

Tanzania ina zaidi ya kilomita za mraba 940,000. Kutoka Dodoma hadi Arusha peke yake ni zaidi ya kilomita 400, na hapo hujaanza kuupanda mlima wa kuelekea Karatu, mji ulio njiani kwenda Ngorongoro. Anayekwenda Serengeti kwa njia hiyo hupita ndani ya eneo la Ngorongoro, ambalo lina mamlaka yake na ada zake, mbali na zile za TANAPA, yaani shirika la hifadhi za taifa. Na kwa kuwa vibali huhesabiwa kwa saa 24, pancha moja iliyokuchelewesha inaweza kukulipisha siku ya pili. Kreta, lile shimo kubwa la volkano la Ngorongoro, nayo haishukwi na gari lolote: gari dogo aina ya IST la mtumishi wa umma litaishia juu, na familia italazimika kukodi gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo hukodiwa kwa siku, mwe wawili au mwe sita. Hapo ndipo fedha inapokwenda. Kiingilio cha watu wote watano wa nyumba moja hakifiki hata robo ya gharama hiyo, lakini kila tunapojadili utalii wa ndani tunajadili kiingilio.

Ushauri wangu ni kuchagua upande mmoja na kuumaliza. Anayetamani Serengeti kwelikweli aelekee magharibi, kupitia Singida na Shinyanga hadi Mwanza, kisha aingilie lango la Ndabaka, ambalo liko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Kwa njia hiyo haigusi Ngorongoro wala ada zake, na mwezi Juni ndio wakati ambao makundi ya nyumbu kwa kawaida huwa upande huo wa magharibi, karibu na mto Grumeti. Inashangaza jinsi wakazi wa kanda ya kati tunavyorudia njia iliyopangwa kwa ajili ya mgeni anayeshukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro.

Asiyekuwa na uwezo huo achukue barabara ya kaskazini. Kolo, mbele kidogo ya Kondoa, haifiki kilomita 200 kutoka hapa, na michoro yake ya miambani iko katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Unasimama kwenye ofisi iliyo kando ya barabara, unachukua mwongozaji, mnapita njia ya mawe kisha mnapanda kilima kwa miguu hadi Mongomi, penye michoro. Chini ya jabali utaona watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, twiga, tembo na pofu, na mahali pengine michoro myeupe ya baadaye, minene, iliyopakwa juu ya ile ya kale bila kujali. Wenyeji bado hupatumia kwa matambiko, kwa hiyo mtoto afundishwe adabu kabla ya kupanda. Ukishuka, unaendelea hadi Babati, kwenye ziwa lenye viboko, na barabara hiyohiyo inakufikisha jirani kabisa na lango la Tarangire, ambako tembo huanza kukusanyika mtoni kadiri kiangazi kinavyokaza.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta hoja, nimekusoma kwa makini, lakini hoja yako inanuka utalii wa maskini. Mgeni kutoka Ujerumani anapanda Ngorongoro, na mwanangu aliyezaliwa Chamwino aambiwe atosheke na miamba ya Kondoa? Watoto wanasoma habari za kreta darasani. Wanataka kuiona kreta. Na Zanzibar umeiruka kabisa, ilhali kwa treni hadi Dar es Salaam na boti ya takriban saa mbili, haihitaji gari la kukodi hata kidogo. Kama tatizo ni gari, suluhisho ni kuweka akiba ya miaka miwili na kwenda mara moja kwa heshima.

MLETA HOJA

Kuhusu Zanzibar umenishinda kwa hoja ya usafiri, nami naihesabu kuwa ni upande mmoja unaojitosheleza. Aendaye Juni ajue tu kwamba kusi inavuma, na boti hurusha matumbo ya wasiozoea. Ninachokataa ni kuibandika Zanzibar na Serengeti katika siku kumi, kwa sababu nusu ya siku hizo itaishia barabarani.

Lakini hilo la akiba ya miaka miwili ndilo hasa linalonifanya nilete suala hili hadharani. Mwenye nafasi ya kuweka akiba atakwenda. Je, mwalimu wa Mpwapwa? Kila sikukuu ya Sabasaba na Nanenane watu hujichanga, wakakodi basi, wakaenda hifadhi ya Mikumi, maana usafiri wa kulipia kiti kimoja ndio wanaoumudu. Kama mamlaka zinataka tutalii, basi pale Ndabaka, Tarangire na lango la Ruaha, ambalo liko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini Iringa, yawekwe magari ya pamoja yenye bei ya kiti inayojulikana na saa ya kuondoka inayoheshimiwa.

MCHANGIAJI WA PILI

Naunga mkono magari ya pamoja, ila yaendeshwe na watu binafsi kwa leseni. Gari la umma likiharibika, hukaa karakana hadi bajeti ijayo. Na msisahau Desemba, ambayo nayo ni likizo: huku kwetu mvua inakuwa imeanza, na udongo mweusi wa upande ule wa Ndabaka hunasa hata magari makubwa. Ratiba ya viti itakayopangwa kwa Juni peke yake itawaacha watu njiani.

MLETA HOJA

Kwa watu binafsi sina kipingamizi, mradi bei ibandikwe langoni kwa shilingi.