Shoka la kupasulia kuni linachomoka mpini

Swali
Habari wakuu. Shoka la dukani, kilo 2, la kupasulia mikaratusi. Nikililoweka usiku linakaza, kesho yake jioni linacheza tena. Shida ni mpini au chuma?

mpasuaji
Acha kuloweka. Mti ukifura ndani ya tundu la chuma, nyuzi zake zinapondeka. Ukikauka unarudi mwembamba kuliko mwanzo. Chonga mpini mpya wa mti mkavu kabisa. Pasua kichwa chake kwa msumeno, kina kama theluthi mbili za tundu. Kuingiza, usigonge chuma: ning'iniza shoka kichwa chini, gonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti, chuma kitapanda chenyewe. Mpini ukichomoza milimita 5 hivi, pigilia kabari ya mti mgumu. Msumari ni wa kubabaisha tu, unaupasua.

FundiSeremala
Naongezea: tazama kitako cha mpini. Mistari ya mti ielekee sawa na makali. Ikikatiza, utavunjika shingoni.

Mama Kuni
Na makali je? La kupasulia lisinolewe membamba, litanasa kwenye gogo. Digrii 30 hadi 35 zinatosha. Tumia tupa bapa, sukuma kwenda mbele tu, ukirudi inyanyue. Kwa grinda, chuma kikigeuka buluu ujue ugumu umeshatoka hapo.
Halafu mkaratusi upasue ungali mbichi. Ukikauka utalisingizia shoka bure.

Aliyeuliza
Asanteni. Mpini wenyewe mistari imekatiza kabisa, nachonga mwingine.