Mkandarasi kasajiliwa, ana bango, ana stika, ila hana bima wala bondi (dhamana ya benki au bima ya kunilipa akishindwa kazi). Huu usajili unanisaidia nini mimi?

Wakuu heshima yenu, nina hasira hivyo mnivumilie kama uzi hauna mpangilio.

Najenga ghorofa moja huku Goba. Sikuchukua fundi wa mtaani, nilifuata ule wimbo wanaotuimbia kila jengo likidondoka, chukua mkandarasi aliyesajiliwa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), sainisha mkataba, weka bango. Nikafanya yote. Jamaa wakala advansi 30%, wakachimba msingi kipupa mpaka ukuta wa jirani ukalala, wakamwaga slabu na mirunda ilipotolewa ikabonyea katikati maji ya mvua yanatuama, kisha saiti kimyaaa. Namuuliza mkurugenzi bima ya kazi iko wapi, akanitolea ya pikapu yake. Naapa. Ya pikapu!

Bodaboda akiingia barabarani bila bima trafiki wanamdaka, ila anayening'iniza zege juu ya vichwa vya watu hakuna anayemuuliza. 2022 Bunge liliongeza bima za lazima, masoko ya umma, majengo ya biashara, mizigo toka nje, nyumba ya mtu inayojengwa ikaachwa. Ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, Dar, lilidondoka 2013 wakafa watu 36, Kariakoo 2024 likadondoka jingine, tukaambiwa majengo yanakaguliwa. Sawa, kagueni, ila anayevunjiwa analipwa na nani?

Na kinachoniuma zaidi, Serikali ikitangaza tenda yake ya maana inadai dhamana ya utekelezaji, yaani bondi hiyo hiyo ninayoisema, mara nyingi 10% ya mkataba, na advansi haitoki bila dhamana yake. Yaani wanajua fika mkandarasi anaweza kuingia mitini, wakajikinga wao. Mimi wa mkopo wa SACCOS nijikinge na maombi?

Halafu msichanganye haya mambo, maana nimeona watu humu wanasema kata bima yaishe. Bima ya ujenzi, hii CAR (Contractors' All Risks), inalipa ajali kwenye kazi, moto, mafuriko, na ukiwa na kile kipengele cha thedi pati, yaani hasara kwa watu wengine, ndo ukuta wa jirani unaweza kupona, kutegemea masharti ya bima. Slabu iliyomwagwa kihuni hawakulipi uirudie. Mtu akikimbia na hela yako ndo kabisa haiwahusu. Hapo ndo inatakiwa bondi, tena ya kulipa ukidai, siyo ile ya masharti unaambiwa thibitisha kwanza, uko mahakamani nondo zinaota kutu.

Najua wakandarasi wadogo wa daraja la 7 mtakuja kusema benki inataka keshi au hati ya nyumba ndo ikupe dhamana ya milioni chache. Kweli mnaonewa hapo, sibishi. Lakini CRB wana mfuko wa kuwasaidia wakandarasi wadogo dhamana za tenda na za advansi, kwa nini usifunguliwe na kwa nyumba za watu binafsi? Wekeni gharama kwenye BOQ (orodha ya kazi, vifaa na bei zake) nitalipa, si mnaweka hadi soda za vibarua.

Nauliza kwa anayejua, kuna kampuni ya bima inayokubali kutoa bondi kwa nyumba ya kawaida, au wote wanataka mradi wa barabara? Na jirani anataka ukuta wake wiki hii, nimpe namba ya mkurugenzi au nitoe tu hela yangu?