Senti za Lincoln: nichukue 1969-S au 1972? Zote anasema dabo dai

mzee_wa_senti: Wakuu habari zenu. Niko huku Ohio, kuna jamaa anauza senti mbili za Lincoln, ya 1969-S dola 300 na ya 1972 dola 200, anaapa zote ni dabo dai orijino, yaani maandishi yamerudiwa tangu kwenye muhuri, kile chuma cha kugongea sarafu. Ya 69 kwenye picha kila kitu kimerudiwa, mwaka, LIBERTY, hadi ile S chini ya mwaka, herufi ya kiwanda cha San Francisco. Mfuko wangu unaruhusu moja tu, ipi?

binti_kisauni: Hapo kwenye "hadi ile S" mimi nimeshaiweka kando. Miaka hiyo S ilikuwa inagongwa kwa mkono kwenye muhuri baada ya picha na maandishi kushaingia, sasa dabo dai inatokea pale muhuri unapokandamizwa mara ya pili ukiwa umezunguka kidogo, na wakati huo S bado haipo, itarudiwaje? Ikiwa mwaka na S vimesogea upande mmoja, huo ni mtikisiko wa mashine tu, muhuri umelegea umecheza wakati wa kugonga. Halafu 69-S ya kweli ni maelfu ya dola, nani akuachie kwa 300 jamani 😂

fundi_lenzi: Nakazia. 69-S zenye mtikisiko zimejaa kila kona. Chukua lenzi ya 10x, mtikisiko utauona bapa, umekaa chini kama ngazi pembeni ya herufi, na herufi yenyewe imekonda maana chuma kimeburuzwa. Dabo dai ya kweli herufi inanenepa, nakala zote mbili zina mgongo wa mviringo, na kwenye ncha kuna mpasuko unaozitenganisha.

chifu_mombo: Sawa lakini msimkimbizie kwenye 72 akadhani kapona. Ile ni ya Philadelphia, haina herufi ya kiwanda, kwa hiyo kipimo cha S hakimsaidii. Ageuze nyuma, juu ya D ya UNITED karibu na ukingo kuna kamkwaruzo kadogo kalikotoka kwenye muhuri, hiyo ndiyo ile iliyorudiwa kwa nguvu. 72 zina mihuri mingine kibao iliyorudiwa kiduchu, hizo dola 200 hazifiki.

binti_kisauni: Kweli, na ni yale yale ya senti ya 1955, watu wanauziwa ile ambayo 5 ya mwisho ina kivuli tu kwa sababu muhuri umechakaa, wakati ya kweli mwaka na maandishi yote unayaona mawili bila hata lenzi.

mzee_wa_senti: Aisee asanteni. 69 naachana nayo. Ya 72 nimemwomba picha ya nyuma kanitumia ya mbele tena, nyeupe tupu kwa flashi.

fundi_lenzi: Mwambie azime flashi, taa iwe pembeni, D ya UNITED ionekane. Au akuuzie iliyokwisha pita PCGS au NGC, zile kampuni za kuthibitisha sarafu. Akizungusha tena, achana naye.