Naomba ushauri: vibonzo vya visa na safari kwa mtoto anayeanza kusoma vitabu vyenye sura

Ndugu zangu, binti yangu ana miaka 7, yuko darasa la pili, na ingawa anasoma Kiswahili bila kukwama, kila ninapompa kitabu chenye sura kisicho na picha hukifunga kabla ya ukurasa wa tatu. Nimefikiria hadithi za vibonzo, kwa kuwa mchoro humsaidia kukisia neno asilolijua. Nilianza na vitabu vya Tintin, mwanahabari kijana anayesafiri, vilivyochorwa na Mbelgiji Hergé, kwa Kiingereza, lakini kurasa 62 zenye maandishi madogo zilimchosha. Kile cha safari yake ya Kongo, cha mwaka 1931, nilikiweka kando mwenyewe kwa jinsi kinavyowadhalilisha Waafrika. Je, mnafahamu vibonzo vya Kiswahili vyenye sura fupi vinavyomfaa? Tena, nimsomee kwanza, au nimwache ajisomee?