MJADALA: Wazee wa Tanzania Bara nao walipwe pensheni kama Zanzibar, au tuendelee kusema "watoto wapo"?

Wadau salama? Hii kitu nimekaa nayo kifuani muda mrefu, leo naitoa, mnipige mawe mkitaka.

Zanzibar tangu Aprili 2016 mtu akifika miaka 70 analipwa pensheni jamii. Awe mvuvi, mkulima wa mwani, muuza urojo au bosi mstaafu, haulizwi ulichangia mfuko gani. Ilianza elfu 20 kwa mwezi, 2023 ikapanda ikawa elfu 50, na ni hela ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) yenyewe sio ya mfadhili. Sisi Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee toka 2003, tuna dirisha la wazee hospitali, tuna TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ila mzee kwa sababu tu ni mzee, hana chake. Kelele zote za kikokotoo, ile hesabu ya mkupuo wa mstaafu, mara asilimia 33 mara asilimia 40, ni za waliokuwa na ajira rasmi, sasa mama aliyelima mpunga Kyela miaka hamsini kikokotoo kinamhusu nini jamani?

Mama yangu ana miaka 78, alipigwa kiharusi upande wa kushoto, hainuki. Tulikaa kikao cha familia kwenye grupu la WhatsApp, wanaume wanne tuko mijini, tukaamua dada ndo atamwangalia mama "maana yuko karibu", tukaweka vile viemoji vya kushukuru, kikao kikaisha. Dada alikuwa na kibanda cha mama ntilie pale stendi, anauza wali maharage na samaki, akakifunga. Hakuna aliyemuuliza kibanda kilikuwa kinaingiza shilingi ngapi, hata mimi sikuuliza, mpaka leo sijui.

Desemba nikaenda likizo siku tisa ndo nikaona. Ana kitochi, kile kisimu kidogo kisicho na WhatsApp, kimetegwa alamu saa sita, saa nane, saa kumi usiku, kila ikilia anaamka kumgeuza mama asitoke vidonda vya kulalia. Kuna kanga ya zamani kaikunja mara nne inapita chini ya kiuno cha mama, anashika ncha anaivuta taratibu kama anavuta nyavu, mama anageuka. Hakufundishwa na mtu. Pampasi za watu wazima zikiisha anatumia vipande vya shuka anafua anaanika nyuma ya nyumba majirani wasione. Na sisi tunatuma elfu 20 tukikumbuka, tena mtu anajisifu "nimeweka na ya kutolea".

Kwaiyo mi naposikia kiongozi anasimama jukwaani anasema Mwafrika anatunza wazee wake, huwa nawaza ni Mwafrika yupi huyo, maana kwetu ni dada mmoja.

Hoja yangu: kila mwenye miaka 70 Bara alipwe elfu 50, na kwenye kaya yenye mtu asiyeinuka, anayemuuguza naye apate posho. Bajeti msiniambie. Elfu 50 mara 12 ni laki sita. Chukulia wazee milioni moja, ni bilioni 600. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, hapo ni kama asilimia 1.2. Mkisema wako milioni moja na nusu sawa, bilioni 900, bado haijafika asilimia mbili. Haya karibuni.

Mkulima_wa_Alizeti: Mkuu pole kwa mama. Ila unafungua mlango mbaya, leo serikali ikilipa kesho watoto watasema "si unalipwa wewe" wanaacha hata kupiga simu, ndo tunaelekea kule kwa wazungu kutupa wazee kwenye majumba. Na hiyo asilimia 1.2 unaitaja kama karanga, kumbuka kwenye trilioni 49 humo kuna madeni na mishahara, hela ya kuchezea ni ndogo mno. Zanzibar wote wako milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, wewe una watu karibu milioni 60. Mimi nasema walipwe masikini tu.

Mleta mada: Hapo kwenye madeni umenipata, sibishi. Ila "masikini tu" ndo pananikera. Nani anampima? Kikao cha kijiji kinaangalia paa, mama ana bati, hiyo bati tulimwezekea sisi 2011 kabla hajaugua, basi si masikini. Umri angalau hauna mjomba kwenye kamati.

Mkulima_wa_Alizeti: Umri nao una mjomba mkuu, tena anaitwa cheti cha kuzaliwa. Babu yangu alizaliwa "mwaka wa nzige". Utaona watu wa miaka 58 wamefika 70 kwa usiku mmoja 😂

Mleta mada: 😂😂 hiyo nakubali.

Bintwete: Mie niko Pemba. Hiyo ya watoto kukimbia kwetu sijaiona. Bibi yangu siku ya kulipwa anavaa baibui lake zuri anasema leo siku ya mshahara wangu musinisemeshe. Akirudi anatoa ya sukari, anatoa ya daftari la kitukuu, iliyobaki anaifunga kwenye pindo la kanga. Zamani akitaka hata panadoli akizunguka kwanza, "mwanangu kichwa hichi, sijui vipi", sasa anamtuma mtoto dukani basi. Ila musidanganyike kuwa elfu 50 inamtunza mtu. Akilala kitandani, elfu 50 ni pampasi za siku chache tu.

Mwana_Kilifi: Majirani sisi huku Kenya tunazo, pesa za wazee, Inua Jamii, elfu mbili za Kenya kwa mwezi kuanzia miaka 70, tangu 2018. Shida zake mzijue mapema. Kwanza zachelewa, waweza kungoja miezi halafu zije kwa pamoja. Pili waliosajiliwa 2017 ndio walioingia, aliyefikisha 70 baada ya hapo alikaa miaka akiambiwa ngoja. Tatu elfu mbili ya 2018 na elfu mbili ya leo si moja, unga si bei ile. Kwa hivyo mkiandika sheria yenu andikeni kabisa itapandaje na nani ataingia lini, la sivyo mtapewa picha za uzinduzi. Lakini zasaidia, siwadanganyi. Kwetu wazee wamekatwa mapanga wakiitwa wachawi na nyuma yake ni shamba, sasa mzee mwenye kitu kila mwezi angalau kuna mtu ataka aishi.

Mbeba_Boksi_UK: Mkulima hiyo ya wazungu kutupa wazee imepitwa, niko Uingereza mwaka wa tisa na kazi yangu ndo hiyo hiyo ya dada yake mleta mada, tofauti mi nalipwa kwa saa na kuna winchi ya kumnyanyulia mgonjwa, na kwa asiyeinuka tunaingia wawili. Na msidhani ni bure. England ukiwa na mali zaidi ya pauni 23,250 unajilipia mwenyewe, ukihamia nyumba ya wazee na hukuacha mke au mume nyumbani, hata nyumba yako inapigiwa hesabu, watu wanauza. Scotland ndo kuosha na kuvisha wazee ni bure toka 2002. Kwaiyo hata matajiri bado wanagombana juu ya nani alipe. Cha kujiuliza, mi mwenyewe namgeuza mama wa mtu Leeds, wa kwangu Muheza anageuzwa na shangazi ambaye simlipi.

Mleta mada: Daah mkuu hiyo ya mwisho umeniua.

Nimempigia dada nikamsomea haya yote, yeye kwenye grupu hayupo si ana kitochi. Ya Mwana_Kilifi kasikiliza, ya Bintwete kacheka. Nikamuuliza serikali ikikupa posho utachukua? Kasema atachukua kwani ye mjinga. Halafu akasema anachotaka yeye ni mtu wa kumpokea zamu siku mbili tu. Alikosa msiba wa rafiki yake waliosoma wote, kijiji cha pili tu hapo, kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia mama.

Hiyo sikuiweka kwenye hoja yangu juu, naiongeza: awepo mtu wa kupokea, hata mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii aliyefundishwa kugeuza mgonjwa, siku mbili kwa mwezi. Kama kuna halmashauri mnaijua imewahi hata kujaribu, itajeni hapa. Na kabla hamjajibu mi naenda kuwaandikia wale watatu wa grupuni, tupangiane zamu.