Kinyongo cha miaka 40: ni ukaidi au ubongo?

Kipepeo77
Wadau, tunaambiwa umri hupoza hasira. Sasa mbona kuna wazee wanaokumbuka tusi la miaka 40 iliyopita mpaka rangi ya shati la aliyelitoa, ilhali dawa za asubuhi hawakumbuki kama wamemeza?

Jongoo_Mpole
Tutenganishe mambo. Hasira kweli hupungua. Tafiti za mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, zimeonyesha hivyo kwa wazee wengi. Kinyongo ni kumbukumbu inayorudiwarudiwa. Kila ukikumbuka jambo unalijenga upya, na uchungu wa leo unapenya humo. Aliyelisimulia mara 200 anakumbuka zaidi masimulizi yake kuliko tukio lenyewe. Msikilize: maneno ni yaleyale, hata kituo cha kuvuta pumzi ni palepale.

Tena mambo ya umri wa takriban miaka 10 hadi 30 ndiyo hubaki wazi zaidi uzeeni. Ya asubuhi hayana bahati hiyo.

Upepo_wa_Kusi
Ongeza na muda mtupu. Kazi imekwisha, watoto wametoka, na mkosaji pengine amekufa bila kuomba radhi, kwa hiyo kesi haina wa kuifunga. Kile kinyongo ndicho ushahidi pekee uliobaki kwamba alionewa. Ukimwambia "yaliyopita si ndwele" unamnyang'anya, naye atakishika kwa mikono miwili.

Kinachosaidia wengi ni kuandika, njia ambayo mwanasaikolojia James Pennebaker aliichapisha mwaka 1986: dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, tukio pamoja na alivyojisikia, bila kujali tahajia. Saa ya kwanza baada ya kuandika moyo huwa mzito zaidi; hapo ndipo mtu hushawishika kuacha. Kosa lingine ni kuandika mashtaka yaleyale siku zote nne. Siku ya 3 ageuze upande, aandike yule mwingine aliona nini.

Jongoo_Mpole
Angalizo: mtu aliyekuwa mpole akianza ghafla kudai anaibiwa au anasengenywa, hicho si kinyongo. Apelekwe hospitali, huenda ni ugonjwa wa kusahau. Na masikio yapimwe! Asiyesikia vizuri hujijazia mwenyewe anachodhani kimesemwa.

Kipepeo77
Na asiyejua kuandika?

Upepo_wa_Kusi
Asimulie, mwingine aandike, kisha amsomee. Mwandishi asimkatize, na asimtetee mkosaji hata kwa neno moja. Akimkatiza au akimtetea mkosaji, mzee atarudi mwanzo wa hadithi.