Ripoti ya picha ya kifua ya mama inasema moyo umetanuka: tuielewe vipi?

Mwana wa Muheza
Habari zenu, ndugu. Mama yangu ana miaka 68, ana presha ya siku nyingi, na wiki mbili zilizopita alilazwa kwa homa na kikohozi. Alipigwa eksirei ya kifua akiwa wodini, na ripoti tuliyokabidhiwa siku ya kuruhusiwa inataja mambo matatu: kwamba moyo umetanuka kwa uwiano wa 0.56, kwamba mshipa mkuu wa damu umerefuka na kupinda, na kwamba pafu la kulia lina makovu upande wa juu. Daktari alikuwa na haraka, akatuambia tu turudi kliniki baada ya mwezi. Nilipokuwa shule ya msingi mama aliwahi kuugua kifua kikuu, akatumia dawa hadi akazimaliza. Dada zangu wanalia kana kwamba tumeambiwa moyo umeshindwa kazi. Naomba mwenye ujuzi atufafanulie.

Mzee wa Chumba cha Giza
Pole kwa kuuguza. Mimi ni mpiga picha za eksirei, si daktari, kwa hiyo nitazungumzia picha yenyewe. Uwiano huo hupatikana kwa kupima upana wa moyo na kuugawanya kwa upana wa ndani wa kifua; moyo wa sentimita 15 katika kifua cha sentimita 27 unatoa hiyo 0.56. Kwa mtu mzima, unaozidi 0.5 huhesabiwa kuwa umetanuka, lakini kipimo hicho ni cha picha ya mtu aliyesimama, kifua kikigusa bamba na mionzi ikitokea mgongoni. Mgonjwa wa kitandani hupigwa kinyume chake: bamba liko mgongoni, mionzi inatoka mbele, na kwa kuwa moyo umekaa upande wa mbele, unakuwa mbali na bamba na kivuli chake kinakua. Umeme ukikatika, weka mkono kati ya kibatari na ukuta, kisha uusogeze karibu na kibatari, utaona ninachosema. Tena mwenye homa na kikohozi havuti pumzi ya kutosha, na pumzi fupi nayo huupanua moyo pichani. Tazameni pembeni mwa picha: AP ni ya kutoka mbele, PA ni ya kutoka nyuma.

Tabibu wa Wilayani
Mzee amesema kweli, ila presha ya miaka mingi hutanua moyo kwelikweli, kwa hiyo msilipuuze neno hilo. Eksirei huonyesha umbo la nje peke yake. Haiwezi kutofautisha moyo uliopanuka vyumba, ulionenepa kuta, na uliozungukwa na maji. Kinachojibu hayo ni eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Mshipa mkuu kurefuka na kupinda ni jambo tunaloliona mara kwa mara kwa wazee, hasa wenye presha, na lenyewe halimaanishi kwamba unakaribia kupasuka. Hata hivyo, mama akipata maumivu makali ya ghafla yanayopenya hadi mgongoni, akishindwa kupumua au akikohoa damu, msingoje kliniki.

Bi. Mkunga Mstaafu
Kuhusu makovu, mwanangu, kifua kikuu kikipona huacha alama, na sehemu za juu za mapafu ndipo kinapopenda kukaa. Kivuli peke yake hakitoshi kuthibitisha kwamba ugonjwa umelala au umeamka, ndiyo maana hulinganishwa na picha ya zamani, na mwenye kikohozi hupimwa makohozi. Je, mama yako alipimwa?

Mwana wa Muheza
Shikamoo, bibi, na nawashukuru nyote. Makohozi yalipimwa baada ya kusoma ujumbe wako na hayakuonyesha vimelea. Herufi pembeni zilikuwa AP, kama Mzee alivyodhani. Picha ya zamani tumeikuta chini ya godoro, imeviringishwa ndani ya kanga, kona moja imeganda, lakini makovu yanaonekana palepale na kwa ukubwa uleule. Jana mama amepigwa nyingine akiwa amesimama, na uwiano umekuwa 0.52. Daktari wa kliniki ameagiza eko, nasi tumepangiwa Alhamisi.